Kisu cha Hitlerjugend chenye mpini uliobadilishwa: tathmini ya kitu ambacho wakusanyaji wengi hukipita

Kisu hiki ni Fahrtenmesser, kisu cha matembezi kilichovaliwa mkandani na wavulana wa Hitlerjugend, jumuiya ya vijana ya chama cha Nazi nchini Ujerumani. Shingoni mwa ubapa wake pamegongwa muhuri wa RZM, ofisi ya chama iliyosimamia vifaa vya jumuiya zake, namba M7/66 na mwaka 1939, alama ambazo kwa pamoja zinaonyesha kwamba kilitengenezwa na kiwanda cha Carl Eickhorn katika mji wa Solingen. Ubapa ni wa asili, kikingio ni cha asili, na ala ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi inakipokea bila kulegea. Kilichobadilika ni vibao vya mpini: mahali pa bakelaiti nyeusi, plastiki ngumu ya zamani, yenye nembo ya rangi pana vipande viwili vya mwaloni vilivyochongwa kwa mkono na kukazwa kwa misumari miwili. Muuzaji alikiorodhesha miongoni mwa vitu vilivyoharibika, na bei ikafuata maelezo hayo. Mimi nakihesabu kuwa kisu bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina la visu kamili, mradi kibaki kama kilivyo.

Anayetaka kupima kilichobadilishwa sharti ajue kwanza kilichokuwapo. Kisu cha aina hii kina urefu wa takribani sentimita 25, na kati ya hizo ubapa huchukua kama sentimita 14. Umbo lake liliigwa kutoka kwenye singe la jeshi, kwa hiyo kina kikingio kifupi upande wa makali na kichwa cha mpini kilichopinda. Fremu ya mpini ilikuwa ya chuma kilichochovywa nikeli. Katika miaka ya baadaye, madini yalipoanza kuelekezwa kwenye silaha, ikaingia fremu ya zinki. Sumaku ndogo inatosha kuzitofautisha, kwa sababu zinki haivutwi nayo. Juu ya fremu hiyo vilikaa vibao viwili vyeusi vyenye mistari iliyopishana na kufanya vijimraba vidogo vya kushikilia, vikiwa vimefungwa kwa riveti mbili, na katikati ya kibao cha mbele ilizamishwa nembo ya jumuiya, yaani msambamba wa rangi nyekundu na nyeupe wenye swastika katikati.

Kitu hiki hakikuwa pambo lisilo na maana. Sheria ya Desemba 1, 1936 iliitangaza Hitlerjugend kuwa jumuiya ya vijana wote wa Ujerumani, na amri ya Machi 25, 1939 ikaufanya utumishi ndani yake kuwa wa lazima. Wavulana waliingia wakiwa na umri wa miaka 10 katika tawi la wadogo lililoitwa Deutsches Jungvolk, na wakafikisha miaka 14 kabla ya kuhamia Hitlerjugend yenyewe. Mtoto hakupewa ruhusa ya kuvaa kisu siku ya kwanza. Ilimbidi apite jaribio lililojumuisha kukimbia mita 60 kwa sekunde 12, kuruka urefu wa mita 2.75, kutupa mpira umbali wa mita 25 na kwenda safari ya miguu ya siku moja na nusu. Utawala ule ulijua vizuri kile mtoto wa miaka 10 anachokitamani, ukamfungia tamaa hiyo kwenye kiapo. Miongoni mwa waliokivaa kisu hiki wako waliopelekwa vitani mwaka 1945 wakiwa bado wanafunzi. Baldur von Schirach, aliyeiongoza jumuiya hiyo hadi 1940, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 katika kesi ya Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Nazi baada ya vita. Nayasema haya mapema kwa sababu mkusanyaji asiyeyazingatia hana sababu ya kuwa na kitu hiki nyumbani kwake, na kwa sababu ndiyo yanayoeleza yaliyoupata mpini.

Vibao vya visu hivi vilibadilishwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida kabisa: bakelaiti ni ngumu lakini haipindi, na kisu kikiangukia mawe, au riveti ikikazwa kupita kiasi, kibao hupata ufa unaoanzia kwenye tundu la riveti na kuelekea ukingoni. Visu hivi vilitumika kweli, kuchonga vigingi vya mahema, kufungua makopo na kukata mkate, na vingi vilivunjika vingali mikononi mwa wavulana wenyewe. Njia ya pili inahusu mwaka 1945. Sheria Namba 2 ya Baraza la Udhibiti la Washirika, yaani mataifa yaliyoishinda na kuitawala Ujerumani, iliyotolewa Oktoba 10, 1945, ilikivunja chama cha Nazi pamoja na jumuiya zake zote, na katika miezi ile nembo ya swastika juu ya kitu chochote cha nyumbani ilikuwa ni kujitafutia matatizo. Lakini chuma cha Solingen kilikuwa chuma kizuri, na katika nchi iliyokosa karibu kila kitu hakuna aliyekuwa tayari kutupa kisu kizima. Wengine waliing'oa nembo wakaziba shimo kwa nta au kwa kipande cha mbao. Wengine wakaviondoa vibao vyote viwili na kuweka vya mti, vya pembe ya kulungu, au vya chochote kilichopatikana. Kisu kikaendelea na kazi jikoni, shambani au karakanani.

Hicho ndicho ninachokiona kwenye kisu hiki, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa uzuri wote wa kitu hiki umo katika mambo madogo. Mwaloni una tanini nyingi, kemikali ya asili ya mti, na tanini ikikutana na chuma mahali penye unyevu hufanya doa jeusi lenye kuelekea bluu. Kuzunguka kila msumari wa mpini huu lipo doa la namna hiyo, pana zaidi upande wa chini ambako jasho la mkono hukusanyika, na doa hilo halikuishia juu. Ukitazama kwa kioo cha kukuza kwenye ufa mdogo ulio kando ya msumari wa nyuma, weusi unaonekana umezama ndani kufuata nyuzi za mti. Rangi ya kupaka haiingii hivyo. Tena mbao hizi zimesinyaa kwa upana lakini si kwa urefu, kama ilivyo tabia ya mti unapokauka, kwa hiyo ukingo wa fremu umejitokeza kidogo pande zote mbili huku ncha za vibao zikiwa bado zimebana. Kidole kikipita juu ya ukingo huo hakikwaruzwi popote, kwa sababu chuma na mti vililainishwa pamoja na mkono uleule, na nikeli imekwisha mahali palepale ambapo mbao imeng'aa. Vichwa vya misumari vimegongwa kwa nyundo pande zote mbili, kila kimoja na umbo lake. Aliyeifanya kazi hii hakuwa fundi wa visu, ila alijua kutumia tupa.

Kulinganisha uchakavu wa mpini na uchakavu wa sehemu nyingine ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kibao kilichowekwa zamani kimezeeka pamoja na chuma chake. Kibao kipya juu ya fremu kuukuu hujisema chenyewe: vijimraba vina ncha kali ilhali kichwa cha mpini kimesuguliwa hadi nikeli imetoweka, au ukingo wa kibao uko juu ya ukingo wa fremu kwa kipimo kilekile pande zote, kana kwamba kilikatwa jana. Mikwaruzo ya duara kuzunguka matundu ya riveti nayo ni ushahidi, kwa kuwa anayeitoa riveti kwa keekee ni nadra kuizuia isiteleze. Kwa pembe ya kulungu, tazama sehemu iliyo chini ya kidole gumba. Pembe iliyoshikwa kwa miaka mingi hupoteza matuta yake hapo kwanza na kuwa na rangi ya chai, wakati matuta ya kando hubaki. Vipo pia vibao vya plastiki angavu, kazi ya askari wa Marekani waliokuwa wakitumia vioo vya ndege zilizoanguka, mara nyingine wakiweka picha ndogo chini yake. Desturi hiyo inajulikana zaidi kwenye vishikio vya bastola zao, na kwenye kisu cha vijana inahitaji ushahidi wa nyongeza kabla ya kuilipia, maana plastiki angavu ni rahisi kuikata na kuichakaza kwa makusudi.

Sasa nije kwenye bidhaa ambayo wenye visu vya namna hii hushawishiwa kuinunua: vibao vipya vyeusi vilivyotengenezwa kwa kalibu, vikiwa na nembo yake, vinavyouzwa kwa lengo la kukirudisha kisu kwenye sura yake ya 1939. Nimevishika vibao hivyo na kuvipima juu ya fremu za viwanda tofauti, na maoni yangu ni kwamba havifai. Kasoro ya kwanza ni ya ufundi. Vibao vya asili vililinganishwa na fremu ya kiwanda husika, na viwanda vilitofautiana kwa kiasi kidogo lakini cha kutosha. Vibao vya leo vimekatwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo ama vinaacha mwanya kwenye kikingio ama vinazidi, na mnunuzi anaishia kuchukua msasa. Mara nyingi kinachosuguliwa ni fremu, yaani sehemu ya asili inasuguliwa ili ya bandia ikae. Vijimraba vyake vina mabega ya duara badala ya ncha, resini yake ina vitundu vya hewa vinavyoonekana kwa kioo cha kukuza, na mstari wa kalibu hupita ubavuni. Bakelaiti ya zamani iliyopigwa na mwanga hupoteza mng'ao wake na kuelekea rangi ya kahawia; resini ya leo inabaki nyeusi tii, au imepakwa kitu cha kuififisha kinachotoka kwa kitambaa chenye spiriti.

Nembo ndiyo mbaya zaidi. Enameli ya kweli ni kioo kilichosagwa na kuyeyushwa juu ya metali, kwa hiyo ncha ya sindano huteleza juu yake bila kuacha alama. Nembo nyingi nilizoziona kwenye vibao hivi zimejazwa resini ya rangi, na sindano inazama. Hata kama zingekuwa za enameli safi nisingezipendekeza. Mtu aliyeing'oa swastika mwaka 1945 alifanya uamuzi, uwe wa aibu, wa woga au wa haja tu, na kibao kipya chenye nembo mpya kinaufuta uamuzi huo na kuweka mahali pake alama ambayo hakuna aliyeihitaji irudi. Kisu kinakuwa na sehemu moja ya uongo, na uongo huo umewekwa hasa mahali ambapo kulikuwa na historia. Sijui sababu nzuri ya kulipia kazi ya aina hiyo.

Kuna pia hila inayokwenda njia hiyohiyo kwa kitu kingine. Baada ya vita, viwanda vya Solingen vilitengeneza visu vya maskauti vyenye umbo linalokaribiana sana na la Fahrtenmesser, vikiwa na nembo ya yungiyungi mahali pa ule msambamba. Maskauti na jumuiya nyingine huru za vijana zilikuwa zimekandamizwa na Wanazi. Schirach alivunja umoja mkubwa wa jumuiya hizo uitwao Großdeutscher Bund mnamo Juni 1933, muda mfupi tu baada ya kukabidhiwa vijana wa nchi nzima. Zilipofufuka zikavaa kisu cha sura ileile, na vipo visu vya vita vilivyobadilishiwa nembo na kuendelea kutumika kambini. Hivyo ni vya kweli na vinastahili kukusanywa. Wapo hata hivyo wanaochukua kisu cha skauti cha miaka ya 1950, wakang'oa yungiyungi, wakaweka swastika ya bandia na kukiuza kama cha vita. Katika mauzo ya namna hii mpini hauwezi kukusaidia; ni ubapa ndio utakaosema.

Kwa hiyo yeyote anayenunua kisu chenye mpini uliobadilishwa na aanzie shingoni mwa ubapa. Visu vya mwanzo vilibeba alama ya biashara ya kiwanda peke yake, kama vile kindi wa Eickhorn. Baadaye ikaja alama ya RZM, yaani Reichszeugmeisterei, ofisi ya chama mjini München iliyosimamia vifaa vyote vya jumuiya za chama, na kwa kipindi kifupi katikati ya muongo wa 1930 alama zote mbili zilipigwa pamoja. Kisha ikabaki RZM na namba ya kiwanda, mara nyingi pamoja na mwaka: M7/66 kwa Eickhorn, M7/27 kwa Puma, M7/42 kwa WKC, M7/36 kwa Hörster. Maneno "Blut und Ehre!" (Damu na Heshima!), kauli mbiu ya Hitlerjugend, yaliyochorwa kwa tindikali kwenye ubapa yaliachwa mwaka 1938, kwa hiyo kisu chenye mwaka 1940 shingoni na maneno hayo kwenye ubapa kinajipinga chenyewe. Kisu changu cha 1939 hakina maneno hayo, na ubapa hauna dalili ya kusuguliwa ili kuyaondoa: mistari ya mashine ya kiwandani bado inaonekana ikipita kutoka upande wa mgongo kwenda kwenye makali, na alama za shingoni zina kingo zilizo wazi. Ubapa uliosuguliwa sana huwa na alama zilizofifia kama zimezama, na ukiukuta hivyo, punguza bei bila kuona haya.

Kuhusu maelezo ya wauzaji, nina lalamiko moja la jumla. Kisu chenye vibao visivyo vya asili mara nyingi huelezwa kwa maneno mawili matatu, kisha picha inapigwa upande ambao kasoro haionekani sana. Kununua hivyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba picha ya pande zote mbili za mpini, picha ya ukingo ambapo kibao kinakutana na fremu, na picha ya shingo ya ubapa ikiwa imemulikwa kutoka ubavuni ili alama zitupe kivuli. Muulize muuzaji swali la wazi: vibao hivi vimewekwa lini, na nani, na unajuaje? Muuzaji mwaminifu atajibu kwamba hajui, ikiwa hajui. Aliyeniuzia hiki alijibu hivyo, na sikuona sababu ya kumtilia shaka, kwa kuwa mbao zenyewe zilinipa jibu la kutosha.

Sheria za Ujerumani zinastahili kuzingatiwa na kila anayenunua huko. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kusambaza au kutumia hadharani alama za jumuiya zilizopigwa marufuku, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kauli mbiu za jumuiya hizo zimo ndani ya katazo hilo sawa na swastika. Sheria hiyohiyo inaacha nafasi kwa elimu ya uraia, utafiti, sanaa na maelezo ya historia, na ndiyo maana nyumba za minada za huko huziba swastika kwenye picha za katalogi na kumtaka mnunuzi athibitishe kwamba ananunua kwa madhumuni hayo. Kisu kisicho na nembo wala maneno, kama hiki, hakina alama hizo, na mwalimu anaweza kukionyesha mbele ya wanafunzi kwa utulivu zaidi. Hata hivyo sheria ya silaha, katika kifungu cha 42a, inakataza kubeba hadharani kisu chenye ubapa usiokunjika unaozidi sentimita 12, na huu unazidi. Kisafirishwe kikiwa ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Utunzaji wake ni wa aina mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu mti na chuma havipendi vitu vilevile. Chuma hupakwa nta laini ya makumbusho, kwa tabaka jembamba sana, baada ya kupanguswa kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya mashine hayafai, maana hutiririka hadi chini ya vibao na kuufanya mwaloni uwe mweusi wote, na doa la tanini ambalo ni ushahidi wa umri likapotea ndani yake. Mti wenyewe hauhitaji kitu ila hewa isiyobadilika sana. Misumari isiguswe hata kama imelegea kidogo. Ala ihifadhiwe kando, kisu kikiwa nje yake, kwa kuwa chuma cha ndani hushika unyevu na ngozi ya mkanda huchochea kutu ya kijani kwenye kifungo. Ikiwa unacho kisu cha namna hii na umeshaagiza vibao vipya vyeusi kwa ajili yake, virudishe kwa muuzaji kabla hujaigusa riveti ya kwanza.